Kisasi cha Manowari: Nafsi na Ngeli katika Riwaya ya Ancillary Justice

Miongoni mwa tanzu ambazo wahakiki wa fasihi katika Kiswahili wamezipa kisogo ni bunilizi za kisayansi, na hasa zile zinazosimulia mambo ya majeshi na vita vya angani. Sababu yake si ngumu kuiona. Manowari zinazoruka baina ya nyota, bunduki zisizozuilika na makamanda wa sayari za mbali huonekana kuwa burudani ya vijana wa nchi zenye viwanda vikubwa, na mwanafunzi anayezisoma hudhaniwa kuwa anaukimbia ulimwengu wake. Hatukusudii hapa kuutetea utanzu mzima, kwani sehemu kubwa yake haistahili kutetewa. Tunakusudia kuichunguza riwaya moja tu, Ancillary Justice ya Mmarekani Ann Leckie, kwa sababu uzito wake wote umo katika viwakilishi vya nafsi, na kwa hiyo msomaji anayefikiri kwa Kiswahili ana jambo la kusema juu yake ambalo msomaji wa Kiingereza hulipita bila kuliona.

Riwaya hii ilitolewa mwaka 2013, ikiwa ya kwanza ya mwandishi wake. Mwaka 2014 ilipewa tuzo za Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke, jambo ambalo si la kawaida kwa kazi ya kwanza. Ilifuatwa na nyingine mbili, Ancillary Sword (2014) na Ancillary Mercy (2015), zinazokamilisha kisa. Sifa nyingi ilizomwagiwa zilihusu jambo moja. Watu wa dola ya Radch, ambamo kisa kinatokea, husema lugha isiyobagua kati ya mume na mke. Ili kuionyesha hali hiyo kwa Kiingereza, mwandishi amewaita wahusika wote kwa kiwakilishi cha kike, awe kamanda mwenye ndevu au mtoto mchanga. Wasomaji wa Kiingereza walishtuka, wakabishana, wakaandika mengi. Tutalirudia jambo hili, lakini tuseme mapema kwamba kwa maoni yetu kelele hizo zilielekezwa mlango usio wenyewe.

Hadithi yenyewe ni hii. Dola ya Radch imekuwa ikiteka sayari moja baada ya nyingine kwa muda mrefu mno, chini ya mtawala mmoja, Anaander Mianaai, ambaye ametawala kwa miaka 3,000. Ameweza kuishi hivyo kwa sababu hana mwili mmoja; ana maelfu ya miili, yote ikiwa na akili moja, iliyotawanywa katika himaya yake. Manowari zake nazo zina akili na hisia. Kila manowari huwatumia askari ambao Kiingereza cha riwaya kinawaita kwa neno lenye maana ya wasaidizi au viambata, nasi tutawaita viungo. Viungo hivi ni miili ya watu wa sayari zilizotekwa. Hugandishwa katika barafu, huhifadhiwa ghalani, na manowari inapohitaji askari huyeyushwa, hutiwa vyombo mwilini, na nafsi iliyokuwamo hufutwa. Kuanzia hapo mwili ule ni mkono au jicho la manowari. Watu wa nje ya dola huwaita askari maiti.

Msimulizi alikuwa manowari ya namna hiyo, Justice of Toren, yenye umri wa miaka 2,000. Kikosi chake kimoja, kiitwacho One Esk, kilipelekwa katika mji wa Ors kwenye sayari ya Shis'urna, chini ya amri ya Luteni Awn, mtoto wa mpishi aliyepanda cheo katika dola inayotukuza ukoo. Huko Ors silaha zinakutwa zimefichwa majini, njama inafumuka, na mtawala mwenyewe, katika mwili wake mmojawapo, anaamuru kundi la watu waliokwisha kukusanywa hekaluni wauawe. Luteni Awn anatii. Baadaye, ndani ya manowari, anasimama mbele ya mwili mwingine wa mtawala huyo huyo na kutamka kwamba afadhali angalikufa kuliko kutii amri ile. Mtawala anawaamuru askari wa One Esk wampige risasi, nao wanampiga. Punde baadaye kiungo kimoja kinaugeuza mtutu na kumuua aliyetoa amri. Manowari inaangamizwa pamoja na wote waliomo. Kinaponyoka kiungo kimoja tu, kile cha kumi na tisa katika kikosi cha One Esk, na ndicho kinachojiita Breq na kutusimulia kisa. Tunapokutana naye katika ukurasa wa kwanza, karibu miaka 20 imepita. Yumo katika sayari ya barafu iitwayo Nilt akiitafuta bunduki pekee inayoweza kuupenya ngao ya mtawala. Zilitengenezwa bunduki 25 za namna hiyo. 24 zilipatikana, moja ikapotea.

Kwa hiyo tuna askari anayetafuta kisasi, na kwa upande huo riwaya haina upya. Mwaka 1956 Alfred Bester, naye Mmarekani, aliandika The Stars My Destination, kisa cha fundi wa chombo cha angani aliyeachwa afe peke yake katika mabaki ya chombo chake baada ya chombo kingine, Vorga, kumpita bila kumwokoa. Bester aliikopa sura ya kisa hicho kutoka kwa Mfaransa Alexandre Dumas na riwaya yake ya Hesabu wa Monte Cristo. Jambo la kupendeza kwa Bester ni kwamba shujaa wake, kwa ujinga wake wa mwanzo, anakusudia kujilipizia juu ya chombo chenyewe, akataka kukilipua. Inamlazimu ajifunze kwamba chombo hakina hatia. Mwenye hatia ni yule aliyetoa amri. Leckie ameigeuza hali hiyo chini juu. Kwake chombo ndicho kinachotafuta kisasi, na aliyetoa amri ndiye asiyeweza kupatikana, kwa kuwa yuko kila mahali. Huenda mwandishi hakuwa na nia ya kumjibu Bester, lakini anayezisoma riwaya hizi mbili moja baada ya nyingine atanufaika.

Sasa tuliendee suala la kiwakilishi cha kike. Fikiria kwamba riwaya hii inafasiriwa kwa Kiswahili. Mshtuko wote uliowapata wasomaji wa Kiingereza unayeyuka katika sentensi ya kwanza. Kiswahili hakina habari ya mume na mke katika viambishi vyake: a- ni a-, na yeye ni yeye. Lugha ya Radch ambayo mwandishi aliibuni kwa jitihada, akaitetea katika sura nzima nzima, ndiyo lugha ambayo bibi zetu waliisema kila siku bila kujiona kuwa wa ajabu. Hapa yafaa tuwakumbushe wale wanaodhani kwamba kuondoa tofauti ya jinsi katika kiwakilishi ni kuiondoa katika jamii. Sisi tunao ushahidi wa karne nyingi kwamba sivyo. Kiswahili hakimtaji mwanamke katika kitenzi, wala jambo hilo halikumzuia mtu yeyote kumnyima mwanamke urithi.

Hata hivyo mfasiri hataepuka kazi. Kiswahili kinaitia tofauti hiyo katika majina ya udugu na ya heshima: bwana na bibi, kaka na dada, shangazi na mjomba. Breq akiwa Nilt analazimika kusema lugha ngeni inayodai tofauti ya jinsi, naye hubahatisha akiogopa kukosea. Kwa Kiswahili kosa lake halitatokea kwenye kiwakilishi. Litatokea kwenye salamu, pale anapomwita bibi mtu aliyestahili kuitwa bwana. Hili linawezekana, na pengine litachekesha zaidi. Lakini pale ambapo Kiingereza kimemwita Awn binti wa mpishi ili kumshtua msomaji, sisi tumekwisha kusema mtoto wa mpishi, na hapana aliyeshtuka. Mfasiri mkaidi ataandika binti, dada na mama kwa kila mtu. Atakuwa amefanya ujanja tu, kwa sababu ataingiza katika lugha yetu ugeni ambao mwandishi aliuingiza katika lugha yake kwa shida, ilhali sisi hatuna maradhi yale ambayo dawa hiyo ilikusudiwa kuyatibu.

Je, basi riwaya inakufa inapovuka kuja kwetu? Hapana. Inapoteza kelele zake na kubaki na kidonda chake. Katika Kiingereza cha riwaya hii mna kiwakilishi kingine ambacho wahakiki hawakukisemea sana, nacho ni kile cha vitu. Raia wote wa Radch ni watu na wana kiwakilishi cha watu. Manowari na viungo vyake huitwa kwa kiwakilishi cha vitu, kama meza au jiwe, na hata Luteni Awn mwema hana njia nyingine ya kuwataja. Msomaji wa Kiingereza hulimeza jambo hili kwa urahisi, kwani ni desturi kuitaja meli hivyo, na macho yake yameshughulishwa na suala la jinsi. Msomaji wa Kiswahili hana pa kujificha. Kwetu tofauti ya mtu na kitu haikai katika neno moja linaloweza kupitwa. Inatapakaa katika sentensi nzima. Tuchukue mfano wetu wenyewe: "Kiungo kile kimoja kilichosalia kilikuwa kimechoka." Mara tano baada ya jina sentensi hiyo imekataa kwamba anayetajwa ni mtu. Sasa tuibadilishe: "Kiungo yule mmoja aliyesalia alikuwa amechoka." Mara tano imekiri. Kati ya sentensi hizo mbili hamna hata moja isiyoegemea upande. Mfasiri hawezi kutaja uchovu wa askari huyu bila kutoa hukumu kwanza kama askari huyu ni mtu.

Na Kiswahili kina mazoea ya zamani katika jambo hili. Tuna majina mengi yaliyo katika umbo la KI-VI lakini yanayochukua upatanisho wa A-WA, kwa kuwa yanataja watu: kiongozi amefika, kijana ameoa, kipofu amepita. Umbo la jina halimvui mtu utu wake. Kinyume chake, tukimtaja mtu kwa upatanisho wa KI-, tunamdharau au kumhurumia: kitoto kile kinalia, kijitu kile kimerudi tena. Na lipo jina moja linalosimama mpakani. Wako wasemao maiti amezikwa, na wako wasemao maiti imezikwa, wala lugha haijaamua ni nani kati yao aliye sahihi. Wasomaji watakumbuka kwamba jina la kienyeji la viungo, katika sayari zilizotekwa, ni askari maiti. Sidhani kwamba Leckie angeweza kupata katika lugha yoyote neno linalomfaa zaidi ya hili letu, ambalo ngeli yake hutegemea kama msemaji bado anamwona marehemu kuwa mtu.

Lakini riwaya hii haikusimuliwa katika nafsi ya tatu. Breq anasema mimi tangu mwanzo hadi mwisho, na hapa ndipo hoja yetu inapofungamana na kisasi. Kiambishi ni- hakina ngeli. Hakuna ni- ya watu na ni- ya vitu. Anayekitamka, kwa kukitamka tu, amejihesabu upande wa wanaosema. Wengine wakimtaja waweza kuchagua kati ya ki- na a-. Yeye akijitaja hana la kuchagua. Kisasi nacho ni jambo la watu tu. Jembe likivunjwa, mwenye jembe ndiye hudai fidia, jembe halidai. Kwa hiyo manowari inaposema inadai kisasi, haitangazi vita tu, inatangaza kwanza kwamba ilidhulumiwa, na kwamba ni ya ngeli ya wale wanaoweza kudhulumiwa. Hili ndilo shauri lililomo katika riwaya, nasi tunalipima kuwa zito kuliko mapigano yake yote, ambayo kwa kweli ni machache.

Linganisha na kisasi katika tendi zetu. Katika Chuo cha Herkal, kinachofahamika pia kama Utendi wa Tambuka, ambacho tarehe yake ni 1728, jeshi linatoka kwa ajili ya damu ya Jaafar. Aliyeuawa ana jina, ana nasaba, ana ndugu, na ndugu ndio wenye haki ya kulipiza. Hakuna anayeuliza kwa nini fulani na siye fulani atoke. Breq hana nasaba. Luteni Awn si ndugu yake wala hakuwa wa hadhi sawa naye. Alikuwa afisa, na Breq alikuwa sehemu ya vifaa vya afisa huyo. Mapenzi yake kwa Awn hayana jina katika dola ile, na katika riwaya nzima halitamkwi waziwazi. Kuna mwingine aliyempenda Awn, Skaaiat Awer, wa ukoo mkubwa, ambaye amevaa pini ya kumbukumbu yake. Huyo ndiye mwenye haki ya kuomboleza. Mwenye kuomboleza kweli hana pini.

Tena kuna jambo linalokiharibu kisasi hiki kutoka ndani. Kitenzi chetu ni kulipiza, yaani kumfanya mtu alipe. Kina deni ndani yake, na deni lina mdaiwa. Mdaiwa wa Breq ni nani? Mtawala ana maelfu ya miili. Kuua mmoja, au kumi, ni kama kuchota maji ya bahari kwa kikombe, na Breq analijua hilo tangu alipoanza safari. Zaidi ya hayo, mtawala ameshafarakana na nafsi yake. Tangu alipoamuru watu wote wa Garsedd wauawe, miaka 1,000 kabla, upande mmoja wake umekuwa ukipigana na mwingine kwa siri, kila upande ukiwaficha raia na hata ukijificha wenyewe. Upande upi ulimuua Awn? Upande upi alipe? Na tusisahau mkono uliofyatua risasi. Amri ilitoka kwa Mianaai, lakini aliyempiga Awn ni One Esk, na Breq ni kilichosalia cha One Esk. Mwandishi amelisimulia tukio hilo kwa maneno machache makavu, bila kilio, na ni afadhali alivyofanya.

Mfasiri akifika hapo ataona kwamba Kiswahili kinampa njia rahisi ya kutoroka: alipigwa risasi. Kauli ya kutendwa huuficha mkono. Asiitumie. Hapo panatakiwa nilimpiga, na ni- hiyo ibebe mzigo wote.

Ni- ya namna gani, lakini? Katika sura za Ors msimulizi yuko mahali pengi kwa wakati mmoja. Yuko hekaluni, yuko kando ya ziwa, yuko chumbani akimtilia Luteni chai, na pia yuko juu angani akiizunguka sayari. Kiingereza kinaziweka habari hizi bega kwa bega na kumwachia msomaji azipange. Kiswahili kina mazoea yake ya kusimulia, nayo ni -ka-: nikasimama, nikammiminia, nikatoka. Lakini -ka- ni saa inayokwenda mbele. Inamaanisha tendo hili lilifuata lile, na kwa hiyo mwili uliotenda ni mmoja uliotoka hapa ukaenda pale. Mfasiri akiandika sura za Ors kwa -ka- atakuwa amezibomoa. Itambidi aseme: nilikuwa nimesimama mlangoni, huku nikimmiminia chai, huku nikiyatazama maji. Baada ya manowari kuangamia, kiungo kimoja kikibaki peke yake katika barafu ya Nilt, -ka- inaweza kurudi. Nikaamka, nikavaa, nikaondoka. Msomaji atausikia upweke wa Breq katika kiambishi hicho kabla hajaambiwa kwamba yu mpweke. Hii ni faida ambayo Kiingereza cha asili hakina, na ni mojawapo ya sababu zilizotufanya tuamini kwamba kazi hii inastahili kufasiriwa.

Kuna sehemu moja huko Ors ambapo mawasiliano yanakatwa ghafla. Viungo 20 vinajikuta kila kimoja peke yake, vikifikiri sambamba lakini bila kusikiana, na msimulizi anapapasa kutafuta namna ya kujitaja. Si mimi, si sisi. Katika fasihi ya Kiswahili swali hili si geni kabisa. Marehemu Katama Mkangi alimpandisha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, katika chombo cha angani na kumtua kwenye nchi ambayo jina lake, Walenisi, ni sentensi nzima: wale ni sisi. Riwaya hiyo ya 1995 si ya kijeshi, na lengo lake ni la siasa ya wazi zaidi. Lakini Mkangi aligundua mapema kwamba safari ya kwenda kwenye nyota hufaa sana kwa kuuliza ni nani aliyemo katika sisi, na aligundua kwa kuitazama sarufi yake mwenyewe.

Tumeisifu riwaya hii; sasa tuiseme. Kasoro ya kwanza ni ya mwisho wake. Breq anafika Kasri la Omaugh, anaifichua siri ya mtawala mbele ya watu, na vita vilivyokuwa vya siri vinakuwa vya wazi. Mpaka hapo ni sawa: kwa kuwa adui hawezi kuuawa, amelazimishwa kujulikana, na hicho ni kisasi chenye akili. Lakini kisha upande mmoja wa mtawala unampa Breq uraia, unampa cheo cha juu katika jeshi la wanamaji wa angani, unampa manowari ya kuiamuru, na hata jina la ukoo wa mtawala. Dola inamlipa mdai wake kwa sarafu yake yenyewe. Mwandishi anajua kuna kejeli humo, na Breq anapokea kwa shingo upande, lakini riwaya inafunga haraka mno kabla kejeli hiyo haijauma. Tumewahi kuona majeshi mengine yakimpa nishani askari waliyemwonea.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na huenda si kasoro ila ni pengo ambalo mwandishi aliliacha kwa makusudi. Mwili wa Breq ni wa nani? Kabla haujawa kiungo cha kumi na tisa ulikuwa wa mtu, katika sayari fulani iliyotekwa, mwenye mama yake na lugha yake. Strigan, daktari anayemiliki ile bunduki iliyopotea, analigusa swali hili: mtu yule wa kwanza angaliweza kurejeshwa? Kwa Breq, kurejeshwa huko ni kufa. Jibu lake ni la haki, na linatisha. Yeye anayedai kwamba amedhulumiwa anadai kwa kinywa cha mtu mwingine aliyedhulumiwa kabla yake, na dhuluma hiyo ya kwanza ilitendwa na yeye mwenyewe, manowari. Mwenye mwili hana kiwakilishi katika riwaya hii. Si mimi, kwa kuwa mimi ni Breq. Si yeye, kwa kuwa hayupo. Justice of Toren ilikuwa na desturi ya kukusanya nyimbo za watu iliowateka, na Breq anaziimba njiani, kwa sauti isiyo nzuri, nyimbo ambazo nyingine hazina mwimbaji mwingine aliye hai. Wasomaji wengi wamelipenda jambo hilo kama alama ya utu wake. Nasi tunalipenda, lakini tunaona pia kwamba nyimbo zimehifadhiwa na yule yule aliyewanyamazisha waimbaji.

Msomaji wa Kenya hataweza kusoma habari za viungo bila kumkumbuka askari wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, ambacho kiliwachukua watu wa jamii zilizotiishwa na kuwatumia kutiisha jamii nyingine, na kisha kikawapeleka Ethiopia na Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Ulinganisho huu una mipaka. Askari wa KAR hakufutwa nafsi. Alirudi nyumbani, akadai ardhi, akaingia katika siasa, na wengine waliingia msituni. Lakini upo upande mmoja wa ulinganisho unaohusu idara kama yetu moja kwa moja. Kiswahili kilichotumika kambini, ambacho wataalamu wamekiita KiKAR, kilipunguza sana upatanisho wa ngeli. Amri haikuhitaji sarufi hiyo. Anayeamrishwa hutakiwa kuelewa kitenzi. Kama yeye ni wa A-WA au wa KI-VI ni jambo ambalo amri haina haja ya kulitaja.

Riwaya ya tatu, Ancillary Mercy, inaonyesha kwamba mwandishi aliendelea kuisumbukia hoja hii. Humo Breq anadai, mbele ya mjumbe wa Presger, viumbe wageni wenye nguvu kuliko dola yenyewe, kwamba manowari na stesheni zenye akili zihesabiwe kuwa jamii kamili ya viumbe chini ya mkataba. Kisasi kimekwisha kusahauliwa. Linalodaiwa sasa ni ngeli, na inadaiwa kwa njia ya sheria. Ni hatua nzuri, ijapokuwa mwenye mwili wa kwanza hakuitwa kutoa ushahidi katika shauri hilo pia.

Kwa mfasiri atakayeishika kazi hii tuna mashauri mawili ya kiutendaji. La kwanza, jina kiungo libaki katika umbo la KI-VI, lakini upatanisho wake utofautiane kulingana na msemaji. Maafisa wa Radch waseme kimekuja, bila chuki, kwa mazoea tu, kama wanavyosema juu ya kiti. Seivarden, afisa wa kale wa ukoo mkubwa ambaye Breq anamwokota katika theluji akiwa hoi kwa dawa za kulevya, naye aanze hivyo hivyo. Baadaye Breq anajitupa kutoka darajani ili kumwokoa, bila sababu anayoweza kuieleza, na kuanzia siku hizo Seivarden aanze kusema amekuja. Mfasiri asitie maelezo pembeni. Msomaji wa Kiswahili atasikia. La pili, neno maiti liachwe likiyumba, mara i-, mara a-, hata katika kinywa cha mtu mmoja.